Kaka Yake Alikuwa na Pointi Ngapi?

Ndugu msomaji, habari ninayokusimulia inapita Ujerumani, Marekani na Lamu, lakini inaanzia nyumbani Busawe, chini ya mwembe, kwenye meza tuliyoiunda kwa mlango uliokatika bawaba. Tulikuwa vijana watano. Wote tumemaliza kidato cha nne, na wote tulikuwa tunasubiri kitu ambacho hakuna aliyejua ni kitu gani. Wenzetu wakisubiri namna hiyo hucheza karata au drafti. Sisi tulicheza hadithi.

Usicheke kwanza. Binamu yangu alikuwa na kibarua cha jikoni kwenye kambi moja ya watalii huko mbugani. Siku moja wageni waliondoka wakaacha kitabu kilichochanika jalada pamoja na kimfuko cha dadu. Siyo dadu za ludo hizi tulizozoea. Moja ilikuwa na nyuso 4, nyingine 8, na moja ilikuwa na nyuso 20, mviringo kama ndulele. Kitabu chenyewe Kiingereza kitupu, na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa na kamusi, nikawa mkalimani wa kijiwe.

Mchezo wenyewe si mgumu. Mtu mmoja ni msimulizi. Waliobaki kila mmoja ana mhusika wake. Msimulizi anasema: mmefika mtoni, maji yamejaa, ng'ambo kunaonekana moto, mnafanyaje? Mchezaji anajibu. Pale ambapo jambo laweza kufaulu au kushindwa, dadu inatupwa. Kitabuni mashujaa wanapigana na majoka. Sisi tukaweka fisi wanaosema, mamba wa Mto Mara mwenye umri wa miaka 300, na wezi wa ng'ombe, maana hao tuliwajua. Msimulizi nilikuwa mimi. Usiku nikirudi nyumbani nawasha kibatari na kuyamwaga yote daftarini, kwa sababu nilishaamua kwamba mchezo ule ndio utakuwa riwaya yangu ya kwanza.

Sasa jioni moja shujaa wetu mkubwa alikuwa anarudisha ng'ombe waliotekwa. Akavamiwa kichakani. Mshale wa kwanza ukaingia, wa pili, wa tatu, wa nne. Alikuwa na pointi za uhai 40. Mishale ikala 22. Akabaki na 18, akaichomoa kama mtu anayejitoa miiba, akacheka, akaendelea na safari. Meza nzima ikalipuka kwa vifijo.

Mmoja wetu hakupiga makofi. Aliniangalia tu.

"Mura," akasema, "kaka yangu alikuwa na pointi ngapi?"

Kila mtu pale alimjua kaka yake. Alikuwa amekatwa pajani usiku mmoja katika vurugu za ng'ombe, jeraha ambalo asubuhi yake watu walisema ni dogo. Alikufa siku ya 11. Mimi mwenyewe nilikuwa miongoni mwa waliolibeba jeneza.

Nikajibu jibu la kijinga kuliko yote niliyopata kutoa maishani. Nikasema, "Ah, huu ni mchezo tu, bwana."

Akanyanyuka akaenda zake. Na mimi, kwa aibu, badala ya kumfuata mtu nikaufuata mchezo. Nilitaka kujua ni nani hasa aliyempa shujaa hizo pointi. Kila nilipofika Mugumu au Musoma nilisoma nilichoweza kupata, kwenye simu na kwenye vitabu vya kuazima. Haya ndiyo niliyoyakuta.

MEZA YA MFALME

Mwanzo wake ni wanajeshi. Mwaka 1812 bwana mmoja wa Prussia, Georg Leopold von Reisswitz, alimtengenezea mfalme wake meza ya kuchezea vita, yenye vipande vya kupanga milima na mito. Mwaka 1824 mwanawe, ambaye alikuwa ofisa wa jeshi, akatoa kanuni kamili: ramani, vipande vya kuwakilisha vikosi, dadu, na mwamuzi wa kuamua. Dadu ilitupwa, jedwali likasomwa, kikosi kikapunguziwa askari. Jeshi la Prussia likaupokea mchezo huo kwa ajili ya kuwafundisha maofisa wake.

Lakini hata kwa watu wale waliokuwa na vita halisi mikononi mwao, ugomvi ulizuka. Baadhi walichoshwa na majedwali. Mwaka 1876 ofisa aitwaye Julius von Verdy du Vernois akapendekeza kanuni nyingi zitupwe. Kwake mwamuzi mwenye uzoefu wa vita alitosha. Aamue mwenyewe kinachotokea. Kwa hiyo, msomaji, swali la kijiwe chetu lina umri mkubwa kuliko babu zetu: ukweli unakaa ndani ya jedwali, au ndani ya mdomo wa msimulizi?

Halafu akaja mwandishi, tena wa riwaya. Mwingereza H. G. Wells mwaka 1913 alichapisha kitabu kiitwacho Little Wars, cha kufundisha namna ya kupigana kwa vijiaskari vya bandia sakafuni, kwa vijizinga vinavyofyatua vijiti. Yeye hakutafuta uhalisi. Alitaka furaha, tena alitamani watu wazima waridhike na vita vile vidogo waachane na vile vikubwa. Mwaka uliofuata vita kubwa ikaanza. Ikafika mpaka kwetu Afrika Mashariki, na hapa wapagazi walikufa kwa maelfu, wengi wao kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Jina la Kariakoo pale Dar es Salaam ni kumbukumbu ya kikosi cha wapagazi hao. Sijui ni jedwali gani la Prussia lililokuwa na safu ya kuhesabu njaa ya mpagazi.

KUMBE SHUJAA NI MELI

Sasa tuvuke bahari. Mwaka 1971 Wamarekani wawili, Gary Gygax na Jeff Perren, walitoa kanuni za vita vya enzi za mapanga na farasi, zilizoitwa Chainmail. Humo askari wa kawaida akipigwa vizuri mara moja, amekwisha. Huko Minnesota kijana mwingine, Dave Arneson, akawa anawachezesha rafiki zake kwa mtindo mpya: kila mchezaji hana jeshi tena, ana mtu mmoja tu, na mtu huyo anaendelea kuishi kutoka mchezo hadi mchezo.

Hapo ndipo tatizo lilipozaliwa. Ukiwa na askari 200, mmoja akifa husikii uchungu. Ukiwa na mmoja uliyempa jina, ukamlea miezi kadhaa, halafu akafa kwa mtupo mmoja wa dadu, unaumia. Arneson mwenyewe alisimulia kwamba wachezaji wake hawakupenda kufa hivyo. Basi akachukua wazo kutoka kwenye kanuni za vita vya majini, ambako manowari huvumilia mizinga kadhaa kabla ya kuzama. Hizo ndizo pointi za uhai. Mwaka 1974 Gygax na Arneson wakatoa Dungeons & Dragons, nakala 1,000 za mwanzo, na mchezo ukaenea dunia nzima.

Nilipofika hapo niliweka simu chini nikacheka peke yangu. Kumbe shujaa wetu wa Busawe alikuwa meli! Ndiyo maana mishale minne haikumfanya kitu. Nani aliwahi kuona meli inachechemea?

Hata hivyo wapo waliokataa. Mwaka 1977 Wakanada wawili, Ed Simbalist na Wilf Backhaus, walitoa mchezo wa Chivalry & Sorcery, uliotaka maisha ya enzi za makabaila yaonekane kama yalivyokuwa, pamoja na vyeo na kanisa. Mwaka 1978 ukatoka RuneQuest. Mtungaji wake mkuu, Steve Perrin, alikuwa katika chama kilichoanzishwa California mwaka 1966, ambacho watu wake walivaa deraya na kupigana kwa panga za fimbo. Mtu aliyepigwa fimbo ya mkono anajua kwamba hakupoteza pointi, amepigwa mkono. Kwa hiyo katika mchezo wake dadu inasema ni wapi umeumia: mguu, tumbo, kichwa.

Gygax naye hakukaa kimya. Katika kitabu chake cha mwaka 1979 cha kuwaelekeza wasimulizi alieleza kwamba mchezo wake haukukusudiwa kuwa picha ya dunia halisi, na kwamba pointi za uhai si nyama tu. Ndani yake mna ustadi, bahati na ulinzi wa miungu. Hoja nzuri, nakiri. Mwaka 1981 mchezo uitwao Call of Cthulhu ukaja na jibu la tatu: ukampa mhusika hesabu ya akili yake, na kila anapoona jambo la kutisha akili hiyo inaweza kupungua mpaka awe mwendawazimu.

NIKATENGENEZA JEDWALI

Niliposoma haya nilidhani nimepata dawa. Nikasema, kosa langu lilikuwa uongo, basi tiba ni ukweli. Nikakaa wiki mbili nikichora jedwali la majeraha kwa dadu ya nyuso 20. Mguu wa kulia, mguu wa kushoto, tumbo, mbavu, kichwa. Nikaweka sumu ya mshale. Nikaweka homa ya siku ya tatu. Babu yangu nikamuuliza habari za watu waliopigwa rungu za kichwa, akanieleza zile za waganga wa Kisii, waliokuwa wakimfunua mgonjwa ngozi ya kichwa na kulikwangua fuvu kwa vyuma vidogo, na mtu akapona. Hilo lilikuwa jambo la kweli, madaktari wa Kizungu nao waliliandika katika karne iliyopita. Nikalitia jedwalini.

"Mjukuu wangu," babu akaniuliza, "unasomea udaktari?"

"Hapana, babu. Naandika hadithi."

Akatikisa kichwa, hakusema neno.

Tukaanza upya. Nilimwendea rafiki yangu kwao, nikamwomba msamaha, nikamwambia njoo uone, sasa mambo ni ya kweli. Akaja, nadhani kwa heshima tu. Mapigano ya dakika 5 yakachukua jioni nzima kwa kutafuta mistari ya jedwali. Shujaa mmoja alikufa kwa pepopunda kabla hajatoka bomani. Wa pili alioza mguu. Nilisoma hali yake kwa sauti, hatua kwa hatua, nikijiona fundi kweli kweli.

Rafiki yangu akasikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema taratibu, "Mura, sikukuomba umuue tena kwa usahihi."

Kijiwe kikafa. Jumamosi iliyofuata nilikaa peke yangu pale mwembeni na dadu zangu.

MWAKA 1974 UPANDE WETU

Katika upweke ule niligundua kwamba ugomvi huu umo pia kwenye rafu yetu ya Kiswahili. Angalia mwaka 1974, mwaka uleule wa Dungeons & Dragons. Elvis Musiba alitoa Kufa na Kupona, na Willy Gamba akaingia mjini. Risasi zinampita, wanawake wanamtazama, adui anaanguka. Mwaka huohuo Euphrase Kezilahabi, mtoto wa Ukerewe, kisiwa cha ziwa letu hilihili, alitoa Kichwamaji, ambamo Kazimoto hapigwi risasi na yeyote. Anaishia kujiua mwenyewe. Yaani katika mwaka mmoja msomaji wa Kiswahili aliletewa mtu asiyekufa na mtu aliyeshindwa kuishi.

Wanaojiita wasomi watakwambia Kezilahabi ndiye fasihi na Musiba ni kupoteza muda. Vijana wa kijiweni watakwambia kinyume chake, tena wanakiazima kitabu cha Musiba mpaka kinabaki bila kurasa za mwisho. Mimi nilivisoma vyote kwa kibatari kilekile, na sitamkana yeyote. Tena Kezilahabi mwenyewe hakubaki pale tulipompachika. Nagona, ya mwaka 1990, na Mzingile, ya mwaka 1991, zina dunia ya ndoto na vivuli ambayo hakuna jedwali litakaloipima. Kwa hiyo hata yule tunayemwita bingwa wa uhalisi aliona uhalisi peke yake hautoshi.

Aliyenitoa gizani lakini ni mzee zaidi kuliko wote: Fumo Liyongo. Utendi wake uliandikwa na Muhamadi Kijumwa wa Lamu mwaka 1913, mwaka uleule Wells alipokuwa na vijiaskari vyake sakafuni. Wewe unamjua Liyongo. Jitu la nguvu, bingwa wa upinde, mwili wake hauingii silaha isipokuwa kitu kimoja: sindano ya shaba kitovuni. Huyo hana pointi 40, huyo ana pointi zisizohesabika. Kwa kanuni za wapenda uhalisi ni uongo mtupu.

Lakini hebu tazama kinachotokea. Mfalme wa Pate hamuwezi kwa vita, anamnunua mwanawe kwa ahadi ya ndoa. Mtoto anamchoma baba yake usingizini. Liyongo anaamka, anachukua upinde wake, anatoka mpaka kisimani, anapiga goti, anauvuta upinde, na anafia hapo hapo katika hali ya kulenga shabaha. Watu wa mji wanaogopa. Siku zinapita, hakuna anayethubutu kusogelea kisima. Mji unakosa maji. Inabidi mama yake aitwe, aje amsihi mwanawe aliyekwisha kufa, mpaka mwili unapoanguka ndipo watu wanajua.

Nilipofika kisimani safari hii nilisimama. Utenzi ule umeongeza chumvi kwenye mwili wa shujaa, lakini kwenye deni haukuongeza wala haukupunguza. Kila kitu kimelipiwa: kwa usaliti wa mtoto, kwa kiu ya mji, kwa mama aliyeletwa mbele ya upinde. Wapenda furaha na wapenda uhalisi, wa Prussia mpaka wa Marekani, waligombana sana juu ya panga linavyoingia mwilini. Na mimi kwa wiki mbili za jedwali langu niliugombania mguu uleule. Rafiki yangu hakuniuliza habari za panga. Aliniuliza habari za kaka yake.

DENI LA NG'OMBE

Na kwetu swali hilo si la vitabuni. Katika pande hizi za Tarime na Serengeti wizi wa ng'ombe una historia ndefu. Zamani kijana aliyeteka mifugo alirudi na mali ya kuolea na jina la kiume, na litungu likapigwa. Baada ya vita ya Uganda ya 1978 na 1979 bunduki zikaingia katika kazi ambayo ilikuwa ya mishale na mikuki, na ng'ombe wengi wakawa wanavukishwa kwenda kuuzwa, siyo kuolea. Katika miaka ya 1980 kukaja Sungusungu, na damu ikamwagika pia katika kuwasaka wezi. Kazi ilibadilika lakini sifa za shujaa hazikubadilika. Kijana wa juzi aliondoka nyumbani usiku akiwa na masikio yaliyojaa sifa za wakati wa babu yake. Sifa zile zilimwambia kwamba ana pointi 40.

Ndipo nilipoogopa daftari langu. Maana msimulizi wa kijiweni naye anawajaza watu masikio.

Sikulichoma, na mashujaa sikuwafuta. Nilirudi kwa wenzangu na kanuni moja tu, iliyoandikwa mstari mmoja: shujaa abaki na pointi zake zote, lakini kila anapopoteza 10, mchezo unahamia nyumbani kwake, na mchezaji anacheza mtu wa pale. Nani anachota maji sasa? Ng'ombe yupi anauzwa kwa ajili ya matibabu? Nani anaacha shule? Baada ya hapo ndipo tunarudi kichakani.

Walinung'unika. Mmoja akasema, "Sasa itakuwa msiba mtupu." Haikuwa. Jamaa aliyekuwa anacheza shujaa mkubwa alipolazimika kuwa mama yake shujaa, alianza kumsema yule mwanawe kwa lugha ya mama zetu wa Busawe, neno kwa neno, mpaka tukashika mbavu. Halafu akaishiwa maneno katikati. Meza ikanyamaza, na hakuna aliyeinuka.

Rafiki yangu alikuja Jumamosi ya tatu. Hakutaka shujaa. Aliomba apewe mdogo wa shujaa, yule anayebaki nyumbani na kuulizwa na wageni kaka yuko wapi. Alicheza mpaka kiza kikaingia, dadu hatukuzitupa hata mara moja, na von Verdy nadhani angeridhika.

Kwa hiyo wewe kijana mwenzangu unayeandika riwaya ya kwanza kwa kalamu ya kuazima, mimi sikukatazi kitu. Mpe shujaa wako pointi 40 au 400. Mrushe kutoka ghorofani, mpitishe kwenye moto, mchomoe mishale kama miiba. Wasomaji wanafurahi, na furaha si dhambi. Ila usifunge sura kabla hujatuonyesha kisima, na waliosimama mbali na ndoo zao wakiogopa kuchota.

Riwaya yangu imefika sura ya 6. Sura ya 7 ni ya siku 11. Nimeiandika mara nne na kuifuta mara nne, kwa sababu swali aliloniuliza bado sijalijibu.